Robo ya Mauzo Si Robo ya Mtaji: Hesabu za Biashara kwa Vijana Wanaotaka Kuwa Walimu



Katika toleo hili tunataka kuzungumza na vijana wetu waliomaliza Kidato cha Nne na wanaotaka kuwa walimu wa hesabu. Hapa Rhonda tunao, na majirani zetu wa Kaptembwo pia wanao. Wengine tayari wanasaidia katika madarasa ya jioni huku wakingojea nafasi ya chuo. Tunawapongeza sana. Lakini kuna jambo tumeliona. Wengi wao wanajua kanuni zote za hesabu za biashara, na ukiwapa swali la mtihani watalimaliza upesi. Wakienda kwa kibanda cha mama yao jioni, hawawezi kumwambia kama leo amepata faida ama amepata hasara. Wanafikiri zile ni hesabu za daftari na hizi ni za mtaani. Sivyo. Ni hesabu moja.

Hata sisi wenyewe hatukuwa tumelielewa jambo hili vizuri mpaka tulipomfundisha mama mmoja vibaya. Tutalieleza kosa letu bila kuficha, kwa sababu anayeficha kosa lake huwaachia wengine walirudie.

KOSA LETU

Mama huyu anauza mitumba ya watoto. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa anaenda mjini na shilingi 4,000, anachagua nguo, anarudi Rhonda na kuziuza mpaka Jumamosi. Alikuwa na utaratibu mzuri: nguo ya shilingi 40 anaiuza 50, ya 80 anaiuza 100, ya 200 anaiuza 250. Yaani anaongeza robo, asilimia 25, juu ya bei aliyonunulia. Nguo zikiisha zote anakuwa na shilingi 5,000.

Alikuja kwa semina yetu ya kina mama wafanyabiashara akauliza swali la maana: "Mwalimu, katika hizi pesa za Jumamosi, ni ngapi zangu za kula na ni ngapi za biashara?" Tukamuuliza anaweka faida ya asilimia ngapi. Akasema 25. Tukamjibu bila kufikiri: "Basi Mama, toa robo ya mauzo. Hiyo ndiyo faida yako. Robo tatu zirudishe kwa biashara."

Aliandika vizuri katika daftari lake na akafanya vile tulivyomwambia.

Baada ya kama miezi miwili alikuja ofisini akiwa na huzuni. Biashara ilikuwa imepungua karibu nusu. Nguo zilikuwa zinatoka zote, bei hakuwa amebadilisha, wateja walikuwa wale wale, na hakukopesha mtu. "Mwalimu, huyu msichana wa dada yangu ananiibia," akasema. Msichana huyo alikuwa anakaa naye na kumsaidia kuuza baada ya shule. Mama alikuwa tayari amempigia dada yake simu aje amchukue.

Siku hiyo alikuwepo kijana mmoja wa hawa wanaosubiri kwenda chuo. Akasema, "Mama, hebu nione daftari." Alilitazama kidogo, akachukua kalamu, na kabla chai haijapoa alikuwa ameonyesha mwizi ni nani. Mwizi alikuwa lile neno letu, "robo ya mauzo".

Hebu tuangalie. Mtaji ni 4,000. Mauzo ni 5,000. Faida ya kweli ni 1,000. Hiyo 1,000 ni robo ya mtaji, lakini ni moja kwa tano ya mauzo. Robo ya mauzo ni 1,250. Kwa hiyo mama alitoa shilingi 250 zaidi ya faida. Hizo 250 zilitoka kwa mtaji wenyewe. Jumatatu alienda mjini na 3,750 badala ya 4,000. Akauza, akatoa robo tena. Angalieni mtaji wake kila alipomaliza wiki (tumeondoa senti):

Mwanzo: 4,000
Wiki ya 1: 3,750
Wiki ya 2: 3,516
Wiki ya 3: 3,296
Wiki ya 4: 3,090
Wiki ya 5: 2,897
Wiki ya 6: 2,716
Wiki ya 7: 2,546
Wiki ya 8: 2,387

Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.

Yule kijana akaendelea na hesabu nyingine iliyotunyamazisha wote. Kwa wiki 8 mama alikuwa amechukua nyumbani jumla ya shilingi 8,066 hivi. Kama angechukua 1,000 tu kila wiki, angekuwa amechukua 8,000, na mtaji wake ungekuwa bado 4,000. Kwa hiyo alipata shilingi 66 za ziada, na kwa hizo 66 akapoteza mtaji wa shilingi 1,613.

Mama alimpigia dada yake simu tena siku hiyo hiyo. Msichana hakuondoka. Sisi tulimwomba mama msamaha, na tulimwomba msichana pia, kwa sababu ni sisi tuliofanya aitwe mwizi.

Tunawauliza ninyi mnaotaka kuwa walimu: hapo hesabu ilikuwa ni ya mtihani? Mtoto alikaribia kufukuzwa nyumbani kwa sababu mtu hakuuliza swali moja: asilimia 25 ya nini?

SWALI LA KWANZA DAIMA: ASILIMIA YA NINI?

Kama kuna jambo moja tunataka mlishike katika makala hii yote, ni hili. Asilimia haisimami peke yake. Ni lazima iwe asilimia ya kitu fulani. Mwanafunzi akiandika "25%" kwenye daftari, mwulize: ya nini? Asipojibu, hajamaliza hesabu.

Shuleni faida huhesabiwa juu ya bei ya kununulia. Mtaani watu wanazungumza juu ya mauzo kwa sababu hizo ndizo pesa wanazoziona mkononi jioni. Zote mbili ni sawa, mradi usizichanganye. Hii hapa njia ya kutoka upande mmoja hadi mwingine:

Ukiongeza asilimia 10 juu ya bei ya kununulia, faida ni 1/11 ya mauzo.
Ukiongeza asilimia 20, faida ni 1/6 ya mauzo.
Ukiongeza asilimia 25, faida ni 1/5 ya mauzo.
Ukiongeza asilimia 50, faida ni 1/3 ya mauzo.
Ukiongeza asilimia 100, faida ni nusu ya mauzo.

Msiwape wanafunzi orodha hii waikariri. Waambieni wachukue kitu cha shilingi 100, waongeze, halafu wagawanye faida kwa bei mpya. Wataipata wenyewe, na kitu ambacho mtoto amekipata mwenyewe hakisahau.

Kosa hilo hilo linatokea kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT. Kodi hii ilianza Kenya mwaka 1990 mahali pa kodi ya mauzo. Mwezi wa Aprili 2020 ilishushwa hadi asilimia 14, na Januari 2021 ikarudi 16. Tuseme risiti inaonyesha shilingi 1,160 pamoja na kodi. Kodi ni ngapi? Wanafunzi wengi watachukua asilimia 16 ya 1,160 wapate 185.60. Wamekosea. Asilimia 16 iliwekwa juu ya bei ya kabla ya kodi. Ile 1,160 ni 116 kwa 100 ya bei hiyo. Kwa hiyo bei ni 1,000 na kodi ni 160.

Ni vivyo hivyo kwa punguzo. Mwenye duka anaongeza asilimia 20 kwa sufuria ya shilingi 1,000, inakuwa 1,200. Halafu anaandika kwa kadibodi, "Punguzo la asilimia 20!" Watu wanafikiri imerudi 1,000. Hapana, imekuwa 960, kwa sababu ile 20 ya pili ni ya 1,200. Hapa mwenye duka amejidanganya mwenyewe.

SWALI LA PILI: KITU HIKI KIMENIGHARIMU NGAPI KWELI?

Kitabu kinasema: faida ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia. Ni kweli. Lakini kitabu kinakupa bei ya kununulia tayari, na mtaani ni lazima uitafute.

Chukueni mama anayeuza mahindi kwa gorogoro. Tuseme amenunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,600, na anauza gorogoro moja shilingi 100. Anajua gorogoro ni kilo 2, kwa hiyo gunia lina gorogoro 45. Anahesabu: 45 mara 100 ni 4,500, toa 3,600, faida 900. Hiyo ni asilimia 25 ya 3,600. Anafurahi.

Sasa tufuate gunia lenyewe. Mkokoteni kutoka sokoni mpaka Rhonda, 150. Ushuru, 50. Gunia sasa limegharimu 3,800. Anapepeta, mengine yanamwagika, mengine yana wadudu, na mteja lazima aongezewe kidogo juu ya kopo. Mwishowe zinatoka gorogoro 43. Mauzo ni 4,300. Faida ni 500. Ukigawanya kwa 3,800 unapata asilimia 13 hivi. Kutoka 25 mpaka 13, na hakuna aliyeiba.

Kuna jambo jingine. Mama huyu ana watoto, na kila jioni anachota gorogoro moja ya kupika nyumbani. Gunia linachukua siku 5 kuisha, kwa hiyo gorogoro 5 zimeenda nyumbani na anauza 38. Mauzo ni 3,800. Gharama ilikuwa 3,800. Faida mkononi ni sufuri. Anasema, "Hii biashara haina faida, wacha niiache." Mwalimu mzuri atamwonyesha kwamba faida ipo, ila iliingia sufuriani. Watoto walikula chakula ambacho kwa bei yake ni shilingi 500. Akiiacha biashara, hizo 500 itabidi zitoke mahali pengine. Tunamshauri tu aandike kila gorogoro anayochota, kama vile ameinunua kwake mwenyewe.

Hapa tuseme neno kuhusu vipimo. Gorogoro asili yake ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Lakini mafuta si mahindi. Mkebe uliojaa mahindi haupimi sawasawa na mkebe uliojaa maharagwe au unga, na kopo la kufuta juu si sawa na la kurundika. Katika mfano wetu tulichukua kilo 2 ili hesabu iwe rahisi. Darasani tafuteni mizani, mpime kopo la mahindi makavu mara tano, muone wastani. Hilo peke yake ni somo zuri. Watu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na ilibidi kila soko likubaliane kibaba ni kipi. Bila kukubaliana kipimo, bei ni maneno tu. Wakulima wa viazi wa Molo na Mau wanalijua hili, maana kwa miaka mingi wamenunuliwa kwa gunia lililovimba juu na kushonwa kwa kamba. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Mkulima anayejua kugawanya anaweza kuuliza, "Kwa kilo ni ngapi?" Swali hilo linavunja hila nyingi.

SWALI LA TATU: RIBA YA PESA GANI, NA KWA MUDA GANI?

Katika mafunzo yetu, shida nyingi zinazoletwa ofisini ni za deni. Na katika deni maneno mawili husahauliwa: pesa gani, na muda gani.

Tuanze na muda. Mtu anasikia "asilimia 20" kwa shailoki na "asilimia 12" kwa chama cha akiba na mikopo, anafikiri tofauti ni 8. Lakini ile 20 ni ya mwezi, na ile 12 ni ya mwaka. Mkopo wa M-Shwari ulipoanzishwa Novemba 2012, ulitozwa asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Inaonekana kidogo. Lakini mtu akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, 7.5 mara 12 ni asilimia 90. Mkopo wa siku chache wakati mtoto ni mgonjwa unaweza kuwa msaada. Kuufanya kuwa maisha ni jambo jingine. Tangu mwaka 2022, kampuni zinazokopesha kwa simu na ambazo si benki zatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini leseni haikufanyii hesabu.

Sasa pesa gani. Tuseme chama kinakopesha shilingi 12,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi, na kila mwezi unarudisha 1,000 ya mkopo. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: riba ni juu ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi. Asilimia 1 ya 12,000 ni 120. Mara 12, unalipa riba 1,440.

Njia ya pili: riba ni juu ya salio. Mwezi wa kwanza unadaiwa 12,000, riba 120. Mwezi wa pili unadaiwa 11,000, riba 110. Halafu 100, 90, mpaka mwezi wa mwisho ni 10. Ukijumlisha 120 + 110 + 100 mpaka 10, unapata 780.

Maneno ni yale yale, "asilimia 1 kwa mwezi", lakini mmoja analipa 1,440 na mwingine 780. Ile njia ya kwanza inakutoza riba ya pesa ambazo umekwisha kurudisha. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutumia salio. Vikundi vingine vidogo hutumia mkopo wa mwanzo kwa sababu ni rahisi kuandika, na wanachama hawajui tofauti. Si lazima mtu awe mwovu. Lakini ni lazima wanachama waelezwe kabla ya kutia sahihi.

Ninyi walimu wa kesho, angalieni pia jinsi ya kujumlisha 120 mpaka 10 bila kuchoka. 120 na 10 ni 130. 110 na 20 ni 130. Ziko jozi 6 kama hizo. 6 mara 130 ni 780. Huo ni mfululizo wa hesabu mnaofundishwa katika sura nyingine kabisa ya kitabu. Hapa unakuja wenyewe, ukiwa na kazi ya kufanya.

RIBA JUU YA RIBA

Sasa tuje kwa shailoki. Mtu amekopa 5,000 kwa asilimia 20 ya mwezi. Mwezi ukiisha hana kitu. Shailoki anasema, "Hakuna shida, sasa deni ni 6,000." Mwezi wa pili riba ni ya 6,000, si ya 5,000. Deni linakuwa 7,200. Mwezi wa tatu ni 8,640. Mwezi wa nne ni 10,368. Kwa miezi minne deni limepita mara mbili. Akiendelea hivyo mwaka mzima bila kulipa, linafika karibu 44,580. Kama ingekuwa riba ya kawaida, juu ya zile 5,000 tu, angedaiwa 17,000. Hata hiyo ni nyingi, lakini tofauti mnaiona.

Kwa benki kuna kizuizi. Tangu mwaka 2007 Sheria ya Benki inasema mkopo ukishindikana kulipwa, benki haiwezi kudai riba inayozidi kile kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati malipo yaliposimama. Shailoki wa mtaani anashika televisheni na jiko, hashiki sheria. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuijua hesabu kabla ya kupokea pesa.

Vijana, je, mmetambua kwamba hesabu ya shailoki na ile ya mama wa mitumba ni ndugu? Deni la shailoki linazidishwa kwa 1.2 kila mwezi. Mtaji wa mama ulikuwa unazidishwa kwa 0.9375 kila wiki, yaani ulipungua asilimia 6.25 kila mzunguko. Ni kanuni moja, ile mnayoitumia kwa riba juu ya riba na kwa uchakavu wa mashine. Moja inapanda, nyingine inashuka. Mwanafunzi akiona hivyo hatauliza tena, "Mwalimu, hii itatusaidia nini?"

PIKIPIKI YA KULIPA POLEPOLE

Vijana wengi wa bodaboda huchukua pikipiki kwa kulipa kila siku. Tuseme bei ya pesa taslimu ni 160,000. Kwa awamu unalipa 20,000 kwanza, halafu 420 kila siku kwa siku 540, ambazo ni miezi 18 hivi. Shilingi 420 kwa siku haionekani kubwa. Lakini 420 mara 540 ni 226,800. Ongeza 20,000, jumla ni 246,800. Umelipa 86,800 zaidi ya bei.

Asilimia ya nini? Si ya 160,000, kwa maana 20,000 ulilipa siku ya kwanza. Ulikopeshwa 140,000. Ukigawanya 86,800 kwa 140,000 unapata asilimia 62 kwa miezi 18, yaani kama 41 kwa mwaka. Na tukumbuke ile habari ya salio: deni linapungua kila siku, kwa hiyo kwa wastani ulikuwa unadaiwa karibu nusu tu ya 140,000. Riba halisi kwa mwaka basi ni karibu mara mbili ya hiyo 41.

Hatusemi mtu asichukue. Asiye na 160,000 atafanyaje? Lakini ajue analipa nini, na aulize mapema: nikikosa siku mbili, nikiugua, itakuwaje?

NAMNA YA KUFUNDISHA

Katika mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hesabu za biashara zinakuja mara mbili katika sekondari. Kidato cha Kwanza kuna faida na hasara, punguzo, kamisheni na kubadilisha fedha za nchi nyingine. Kidato cha Tatu kuna riba, uchakavu, ununuzi kwa awamu na kodi ya mapato. Mtaala huo unaondoka hatua kwa hatua, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Lakini mtaala wowote ukija, mama mboga atabaki na mtoto wake atabaki darasani kwako. Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Anzeni na biashara inayojulikana nyumbani kwa mwanafunzi, halafu ndipo mlete kanuni. Msianze na kanuni.

2. Mwanafunzi akisie jibu kabla ya kuhesabu. Aseme, "Nafikiri ni zaidi ya mia tano." Akipata elfu tano atashtuka mwenyewe.

3. Kila asilimia iandikwe pamoja na "ya nini", na kila riba iandikwe pamoja na muda wake.

4. Jibu lirudishwe nyuma lijaribiwe. Kama mtaji wetu ungejaribiwa hivyo (3,750 ukiongeza robo, je, unarudi 5,000?), tungeliona kosa letu siku ile ile.

5. Msiulize watoto mbele ya wengine biashara ya mama yao inaingiza ngapi. Tumieni mifano isiyo na jina la mtu. Umaskini wa nyumba ya mtoto si zana ya kufundishia.

6. Mkikosea, semeni mmekosea. Sisi tulichelewa miezi miwili.

MASWALI YA KUJARIBU

(a) Mama amenunua kreti ya nyanya kwa 2,400 na usafiri 100. Ameuza zote kwa 2,900. Faida ni asilimia ngapi ya gharama?

(b) Mwenye kioski anaongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia. Leo ameuza bidhaa za 6,000. Atoe ngapi kama faida?

(c) Mkopo wa 6,000 unalipwa kwa miezi 6, shilingi 1,000 kila mwezi, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba yote ni ngapi ikiwa juu ya mkopo wa mwanzo? Na ikiwa juu ya salio?

(d) Bei ya kitu ni 580 pamoja na kodi ya asilimia 16. Kodi ni ngapi?

(e) La kujadiliana katika vikundi: chama chenu hutoza riba kwa njia gani kati ya zile mbili? Je, wanachama wote wanajua?

Majibu: (a) asilimia 16. (b) 1,000. (c) 720, 420. (d) 80. (e) hilo mtajibu ninyi.

Mama wa mitumba bado anauza. Ilimchukua muda kurudisha mtaji, akitoa kidogo kuliko faida mpaka akafika tena 4,000. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake jipya ameandika kwa herufi kubwa: MOJA KWA TANO. Msichana wa dada yake ndiye anayefanya hesabu kila Jumamosi, na anasema akimaliza shule anataka kuwa mwalimu.